Kabla ya Koleo: Hofu ya Matibabu ya Meno na Historia Yake Bujumbura

Kusini kidogo ya Bujumbura, pale Mugere, kuna jiwe kubwa ambalo kila mgeni hupelekwa kupigia picha. Limechongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, pamoja na tarehe ya 25 Novemba 1871. Sisi wanafunzi wa historia tunalijua vizuri. Tumeliandikia mitihani: Ziwa Tanganyika, mto Ruzizi unaoingia ziwani badala ya kutoka, chanzo cha Nile, wamisionari, mwanzo wa ukoloni. Ninachotaka kuongeza hapa ni jambo dogo ambalo sijalikuta katika maelezo tunayopewa darasani. Livingstone alipolala Mugere alikuwa na mapengo makubwa kinywani.

Miaka ya safari, mahindi magumu na nyama ngumu vilikuwa vimeyalegeza meno yake ya mbele. Katika barua aliyomwandikia mmoja wa watoto wake alieleza jinsi alivyokuwa akijing'oa mwenyewe. Alifunga uzi imara kwenye jino kwa fundo la mabaharia, akaufunga upande wa pili kwenye kisiki cha mti, kisha akaupiga uzi ule kwa bastola nzito. Jino likabaki linaning'inia. Mtu huyu hakuwa mkulima aliyekosa shule. Alikuwa daktari mwenye cheti cha Glasgow cha mwaka 1840. Ila kwa jino, daktari wa Ulaya aliyekuwa kando ya ziwa letu alikuwa na uzi, kisiki na bastola.

Nimeanza na Livingstone kwa sababu hofu ya matibabu ya meno, kila inapotajwa katika semina za afya au katika redio zetu, huelezwa kama ujinga wa wananchi. Wananchi "hawajaelimishwa", wananchi "wana imani potofu". Katika insha hii ninajaribu kuonyesha kitu kingine. Mengi ya maswali ambayo wagonjwa huuliza mjini Bujumbura yana historia, na mara nyingi historia hiyo ni ya mambo yaliyotokea kweli. Baadhi ya majibu yao yanaua, na hilo nitalisema bila kificho. Lakini kutaja jibu baya si sawa na kudharau swali.

Maswali yenyewe niliyapata kwa shangazi yangu. Ni mkazi wa Buyenzi tangu kuzaliwa, anauza ndagala, na mwaka jana gego lake la juu lilimtesa kwa wiki nyingi. Aliweka karafuu, akaweka chumvi, akasukutua maji ya moto, akameza vidonge vya kuuza reja reja, akakataa kwenda kwa daktari. Mimi ndiye niliyetumwa na ukoo kumshawishi, kwa hoja kwamba nimesoma. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza maswali ambayo sikuweza kuyajibu siku ile. Wataning'oa au wataniziba? Nikidungwa ile sindano itashika kweli? Vyombo vyao vimepita vinywa vya nani? Na je, si kweli kwamba aliyeng'olewa jino la juu huharibika jicho? Swali la fedha aliliacha la mwisho, kama watu wote wenye heshima zao.

Nianze na jicho, kwa kuwa ndilo linalochekwa zaidi. Imani kwamba meno ya juu yameshikana na macho haiko kwetu tu. Waingereza hadi leo huliita chonge la juu jino la jicho. Ukitazama mwili unaona imani hiyo inatoka wapi. Mizizi ya chonge na ya magego ya juu imepanda karibu na mashavu na chini ya tundu la jicho. Usaha ukijaa pale, uso huvimba, ngozi ya chini ya jicho hujaa, na jicho hujifunga. Mgonjwa anayekwenda hospitali siku hiyo anang'olewa jino huku jicho tayari limevimba. Jirani anayemwona akirudi nyumbani anaona mambo mawili tu: pengo na jicho bovu. Anaunganisha. Kosa lake ni la mpangilio wa matukio, yaani kosa lile lile ambalo walimu wetu wa historia hutukata nalo alama: kinachokuja baada si lazima kiwe kimesababishwa na kilichotangulia. Jicho liliumizwa na kuchelewa, koleo likatwishwa lawama.

Na kuchelewa kunaua. Mwaka 1836 daktari Mjerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, alieleza ugonjwa wa uvimbe unaoanza chini ya ulimi, unaoshuka shingoni na kumziba mtu pumzi. Leo unaitwa kwa jina lake, na chanzo chake cha kawaida ni gego la chini lililooza. Kabla ya penisilini kuenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wengi walioupata walikufa. Mtu kufa kwa jino, basi, si maneno ya kutishia watoto.

Sasa maumivu. Hapa historia ina kejeli yake, maana dawa ya kumlaza mgonjwa asisikie kisu ililetwa duniani na watu wa meno. Horace Wells, daktari wa meno wa Hartford kule Marekani, alijaribu hewa ya kuchekesha mwaka 1844 kwa kung'olewa jino lake mwenyewe. Alipoionyesha mbele ya madaktari wa Boston mapema mwaka uliofuata, mgonjwa alipiga kelele na Wells akazomewa. Mwenzake William Morton, naye wa meno, alifanikiwa kwa etha tarehe 16 Oktoba 1846. Sindano ya ganzi inayotia ubwete sehemu moja tu ilikuja baadaye: kokeini miaka ya 1880, prokeini ya Alfred Einhorn mwanzoni mwa karne ya 20, na lidokeini iliyotengenezwa Sweden na Nils Löfgren mwaka 1943, ambayo ndiyo inayotumika sehemu nyingi hadi leo. Hesabu miaka. Kati ya etha ya Morton na uzi wa Livingstone ilikuwa imepita zaidi ya miaka 20. Dawa inaweza kuwepo duniani na isiwepo mahali ulipo wewe. Shangazi yangu hakuhitaji kusoma habari za Boston kulijua jambo hilo.

Mji huu ulianza kama kituo cha kijeshi cha Wajerumani, Usumbura, mwaka 1897. Waliokuja kuishi pembeni mwa kituo, askari, wapagazi, wafanyabiashara, Wamanyema, watu wa Ujiji na wa pwani, ndio waliokileta Kiswahili hapa, na Wabelgiji walipochukua nchi waliwapangia karitiye yao, Buyenzi. Watu hao hawakuja bila ujuzi wa kinywa. Walikuja na mswaki, yaani kijiti kinachotafunwa ncha hadi kiwe brashi, ambacho Waislamu wanakihesabu kuwa sunna. Angalia jinsi neno lenyewe lilivyosafiri: brashi ya nailoni ilipoingia sokoni, baada ya mwaka 1938 ilipoanza kuuzwa Marekani, Waswahili hawakuitafutia jina jipya. Iliitwa mswaki, kama kaka yake wa mti. Ijumaa, karibu na misikiti ya Buyenzi, bado unaweza kununua mswaki wa mti, na dukani, hatua chache, mswaki wa plastiki. Sijaona watu wakigombana juu ya kipi ni cha kisasa.

Katika ukanda wetu kung'oa jino hakukuletwa na hospitali pia. Wajaluo waliwang'oa vijana wao meno sita ya chini ya mbele. Wamasai waling'oa mawili. Maelezo yanayotolewa mara kwa mara ni kwamba pengo lilisaidia kumlisha mtu aliyebanwa taya na pepopunda. Ng'ambo ya ziwa, Kongo, makabila kadhaa yalichonga meno yakawa na ncha. Hayo yalifanywa kwa mikono ya watu wanaojulikana, kwa sababu zinazojulikana, na mtu alitoka akiwa amepata hadhi. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema Mwafrika aliogopa koleo kwa sababu hakulizoea. Alizoea kung'olewa. Swali lilikuwa anang'olewa na nani, na kwa faida ya nani.

Hapa naomba wenzangu wanivumilie, kwa maana naingia kwenye jambo ambalo siwezi kulithibitisha hatua kwa hatua. Mwaka 1811 nahodha Mwingereza aitwaye Smee alifika Unguja na kueleza soko la watumwa. Aliandika kwamba mnunuzi alianza kwa kukagua kinywa na meno, ndipo akaendelea na viungo vingine. Njia za msafara zilizolisha soko lile baadaye zilipita Ujiji na Manyema, mahali walikotoka mababu wa baadhi yetu. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1904, Ota Benga, kijana wa Kongo, alipelekwa kwenye maonyesho ya St. Louis, na mwaka 1906 akawekwa katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, ndani ya nyumba ya nyani. Kilichowavuta watazamaji kilikuwa meno yake yaliyochongwa. Baadaye alipopelekwa Lynchburg, Virginia, meno hayo yalifunikwa ili afanane na wengine. Inasimuliwa kwamba mwaka 1916, siku alipojiua, alikuwa ameyavunja yale mafuniko. Na sote tulifuatilia habari ya Juni 2022, Ubelgiji ilipoirudishia familia ya Patrice Lumumba jino moja lenye dhahabu, kitu pekee kilichobaki baada ya polisi Mbelgiji kuuyeyusha mwili wake kwa tindikali mwaka 1961 na kujiwekea meno kama kumbukumbu.

Sisemi shangazi yangu alikuwa akimfikiria Lumumba. Ninasema kwamba kufungua kinywa mbele ya mtu mwenye mamlaka, ukiwa umelala chali na huwezi kusema, ni tendo lenye historia mbaya katika sehemu hii ya dunia, na daktari anayemwambia mgonjwa "fungua" bila hata kumsalimia anaikanyaga historia hiyo bila kujua.

Turudi mjini. Hospitali kubwa iliyo karibu na Buyenzi inaitwa Prince Régent Charles, na jina linatosha kuipa enzi yake: Charles alikuwa mtawala wa muda wa Ubelgiji kuanzia mwaka 1944 hadi 1950. Udaktari wa kikoloni ulikuwa na vipaumbele vyake, navyo vilikuwa malale, ndui, kaswende, kifua kikuu, uzazi. Yaani magonjwa yaliyopunguza nguvu kazi au yaliyoweza kumwambukiza Mzungu. Jino la mtu mmoja halikuambukiza wala halikupunguza kodi. Tena kuna sababu ya vifaa. Ili kuziba jino unahitaji mashine ya kutoboa, umeme, kiti, taa, dawa ya kuzibia na mtu aliyesoma miaka kadhaa. Ili kung'oa unahitaji koleo na mkono wenye nguvu. Muuguzi hufundishwa kung'oa kwa muda mfupi. Kwa hiyo kote Afrika Mashariki mgonjwa wa kawaida alijua tiba moja tu ya jino, nayo ni kulipoteza. Madaktari wetu wa meno walilazimika kusomea mbali. Nairobi ilifungua shule yake ya udaktari wa meno mwaka 1974, na Dar es Salaam mwaka 1979.

Ukiliweka hilo akilini, tabia ya kuchelewa inabadilika sura. Kama ninajua kwamba nikienda leo nitang'olewa, na nikienda baada ya miezi mitatu nitang'olewa vilevile, kwa nini niende leo? Kusubiri kunaninunulia miezi mitatu ya kuwa na jino. Ni hesabu sahihi kwa bei za soko lile. Kilichoharibika ni kwamba soko limebadilika na hesabu imebaki. Sasa jino lililooza kidogo linaweza kuzibwa na kuishi miaka mingi, ila linaweza kuzibwa likiwa bado haliumi, wakati ambapo mtu aliyelelewa katika hesabu ya zamani haoni sababu ya kwenda. Na anapofika akiwa anaumwa, mara nyingi mzizi umeshakufa, na anaambiwa kile kile alichoambiwa babu yake. Anarudi Buyenzi akiwa shahidi: niliwaambia, wale kazi yao ni kung'oa.

Wakati huohuo sukari ilikuwa inaongezeka. Wanasayansi wa afya wamekubaliana kwamba bila sukari meno hayaozi kwa kiwango tunachokijua; bakteria wa kinywani huila na kutoa asidi inayolila jino. Wale "wadudu wa meno" ambao bibi zetu huwataja hawako mbali sana na ukweli, japo si wadudu wa kuonekana. Wababeli wa kale walimlaumu mnyoo wa jino, na hadi mwaka 1728, Pierre Fauchard alipochapisha Paris kitabu chake kikubwa cha udaktari wa meno, bado ilibidi aandike kwamba alimtafuta mnyoo huyo na hakumwona. Kwetu, kiwanda cha bia na vinywaji baridi cha Bujumbura, Brarudi, kilianzishwa mwaka 1955. Burundi ikaunda kampuni yake ya sukari ya Moso, SOSUMO, mwaka 1982, na sukari yake ikaanza kutoka mwaka 1988. Sherehe bila Fanta ikawa si sherehe. Mgeni akipewa chai yenye sukari kidogo anajua hakupendwa. Miaka ya karibuni, sukari ilipoadimika na watu wakapanga foleni kuitafuta, sikusikia mtu hata mmoja akisema angalau meno yatapumzika.

Halafu ikaja vita. Nchi iliyokwisha kupoteza wasomi wake wengi mwaka 1972 iliingia tena katika mauaji mwaka 1993. Machi 1995 damu ilimwagika Bwiza na Buyenzi kwenyewe, na familia zilizokuwa zimeishi ukuta kwa ukuta zikatengana. Kuanzia mwishoni mwa Julai 1996 hadi Januari 1999 nchi jirani zilituwekea vikwazo vya biashara. Mafuta yakawa adimu, bei zikapanda. Katika mazingira hayo nani angezungumzia kuziba jino? Jino ni ugonjwa unaosubiri. Kila dharura hulipita foleni. Hata amani iliporudi kiasi, na serikali kutangaza Mei 2006 matibabu ya bure, tangazo lilihusu watoto chini ya miaka mitano na wanawake wanaojifungua. Ulikuwa uamuzi mwema, na uliwaokoa watu. Mama muuza ndagala mwenye gego bovu hakuwemo.

Swali la vyombo nalo lina tarehe. Wazazi wetu walikuwa vijana miaka ya 1980, UKIMWI ulipoingia katika miji ya Maziwa Makuu na kila familia ikazika. Walifundishwa kuogopa wembe, sindano na damu, na walifundishwa vizuri. Julai 1990 taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa ilitangaza kisa cha mgonjwa wa Florida aliyeonekana kuambukizwa kwa daktari wake wa meno. Habari ikazunguka dunia. Tangu hapo glavu na barakoa zikawa jambo la lazima. Mtu anayeuliza vyombo vimepita vinywa vya nani anauliza swali ambalo madaktari wenyewe walijiuliza. Jibu lake ni rahisi kulitoa: vyombo huoshwa, hufungwa, huwekwa katika mtambo wa mvuke wenye joto la nyuzi 121 kwa robo saa, au nyuzi 134 kwa dakika chache, na hakuna kirusi kinachopona humo, si cha UKIMWI wala cha homa ya ini aina ya B, ambacho huambukiza kwa urahisi zaidi. Ninachoshangaa ni kwamba katika kliniki tuliyokwenda na shangazi hakuna aliyekuwa tayari kumwonyesha mtambo huo. Aliuliza, akaambiwa asiwe na wasiwasi. Kwa mtu wa rika lake hilo si jibu.

Nimefika kwenye sehemu ambayo ndiyo iliyonifanya nione mada hii si ya mzaha. Katika eneo letu lote, kuanzia Sudan na Ethiopia, kupitia Uganda, Kenya na Tanzania hadi Rwanda, kuna desturi ya kung'oa meno ya watoto wachanga ambayo hayajaota. Mtoto wa miezi mitano au saba anaharisha na ana homa. Bibi au mganga anafunua midomo yake, anaona mahali chonge linapotarajiwa kuota pamevimba na pana weupe, anasema haya ndiyo yanayomuua. Anayachokoa kwa spoki ya baiskeli, kisu au msumari. Watanzania huyaita meno ya plastiki au ya nailoni, Waganda ebiino, Wanyarwanda ibyinyo. Hapa Burundi tunayo pia ndugu yake, kukata kidakatonge, kile tunachokiita ikirimi, ambapo koo la mtoto hukatwa ili aache kukohoa au kutapika.

Kinachotolewa katika ufizi wa mtoto si plastiki wala mnyoo. Ni chonge lenyewe, changa, laini, jeupe, ambalo lingeota kwa wakati wake. Mtoto anavuja damu, anaweza kupata pepopunda au sumu ya damu, na kuhara kunaendelea kwa sababu kulitokana na maji au uji uliochafuka katika umri ule ule anapoanza kulishwa. Wakiishi, wengi hubaki na chonge la utu uzima lililopinda au lisilokuwepo. Mdenmaki Jens Pindborg aliandika juu ya jambo hili kwa Waacholi wa Uganda mwaka 1969, na watafiti wa Tanzania waliliandika tena miaka ya 1990.

Kwa mwanahistoria, jina lenyewe ni ushahidi. Nailoni ilivumbuliwa mwaka 1935. Hakuna babu wa kale aliyeweza kusema meno ya nailoni. Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba hii ni mila ya tangu na tangu, jina linakanusha: angalau katika sura yake ya Tanzania, ni hofu ya kisasa, iliyovaa jina la bidhaa ya dukani, iliyosambaa kwa basi na kwa soko. Kitu kilichokuja juzi kinaweza kuondoka kesho. Nilimwambia hivyo binamu yangu mwenye mtoto mchanga, alipokuwa akishauriwa na majirani wawili. Hakushawishika kwa nailoni. Alishawishika alipoambiwa na muuguzi, mwanamke wa rika la mama yake, ampe mtoto maji yenye chumvi na sukari za kipimo, na akaona kuhara kunapungua.

Tena, Ulaya haina haki ya kutucheka. Katika orodha za vifo za London karne ya 17, "meno" yaliandikwa miongoni mwa sababu za vifo, maana yake watoto waliokufa wakati wa kuota meno. Ambroise Paré, daktari mpasuaji wa wafalme wa Ufaransa katika karne ya 16, alishauri ufizi wa mtoto ukatwe ili jino lipate njia. Madaktari wenye digrii waliendelea kukata fizi za watoto wachanga hadi karne ya 20 ilipoanza. Walikuwa na vifo vya watoto vingi, hawakujua chanzo, na kitu pekee kilichoonekana kubadilika katika mwili wa mtoto kilikuwa meno. Ni mama yule yule, na hofu ile ile. Walichopata wao mapema kuliko sisi ni maji safi.

Nisiache picha kwamba tumekuwa wapokeaji tu. Katikati ya miaka ya 1980, katika shule ya meno ya Dar es Salaam, Mholanzi Jo Frencken na wenzake walijaribu njia ya kutibu jino bila mashine na bila umeme. Sehemu laini iliyooza inakwanguliwa kwa vyombo vya mkono, kisha tundu linazibwa kwa saruji maalumu inayojishika na jino na kutoa floridi. Mara nyingi haihitaji hata sindano. Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo mwaka 1994, na leo inatumika katika nchi nyingi, hata tajiri, hasa kwa watoto na kwa watu wanaoogopa mlio wa mashine. Ilibuniwa kwa ajili ya vijiji visivyo na umeme, karibu nasi, na mtu anaweza kumaliza shule yote ya sekondari Bujumbura bila kuisikia. Mwaka 2021 saruji ya aina hiyo na dawa ya meno yenye floridi ziliingizwa katika orodha ya Shirika hilo ya dawa muhimu, orodha ile ile yenye penisilini.

Shangazi alikwenda hatimaye, usiku uvimbe ulipomfika chini ya jicho. Aling'olewa. Sindano ilishika, na jicho lilifunguka baada ya siku nne. Siku hizi anapowasimulia wanawake wenzake sokoni Ruvumera habari hiyo, anaanza na jicho. Lakini daktari alikuwa amemwonyesha kwa kioo gego jingine, la chini upande wa kushoto, lenye doa jeusi dogo ambalo haliumi kabisa, akamwambia hilo linazibika. Bei ya kuziba ni kubwa kuliko ya kung'oa. Ameniomba nimwandikie bei zote mbili kwenye karatasi, na karatasi ameifunga katika kitenge pamoja na fedha za mtaji. Kila ninapopita kwake ninamuuliza kama ameshakwenda, naye ananiuliza ndagala wa leo nitachukua kilo ngapi.